Gharama ya dawa ya ukungu isiyoandikwa kwenye daftari la mkulima

Mkulima wa nyanya anayejua hesabu huandika kila kitu: mbegu, mbolea, dawa, vibarua wa kulima, matenga na nauli ya lori hadi sokoni. Mwisho wa msimu hutoa gharama kwenye mauzo akajua kama amepata faida au hasara. Hata hivyo, kuna mstari mmoja ambao haumo katika madaftari mengi. Ni kazi ya mke. Ndiye anayechota maji ya kuchanganyia dawa, anayeikoroga kwa kijiti ndani ya ndoo na anayefua nguo za mpulizaji. Kwa kuwa halipwi, kazi hiyo huhesabiwa kuwa ya bure. Akiwa mjamzito, bure hiyo inaweza kuwa ghali kuliko pembejeo zote.

Katika maeneo yanayolima nyanya kwa wingi, kama Ilula mkoani Iringa na Lushoto mkoani Tanga, adui mkubwa ni ukungu, hasa bakajani. Mvua na baridi vikikaa siku kadhaa mfululizo, shamba zima linaweza kuungua majani na matunda yakaoza. Ndiyo maana wakulima wa Afrika Mashariki wamezoea kupuliza dawa za jamii ya mankozebu mara nyingi katika msimu mmoja. Hakuna wa kumlaumu mtu anayelinda mtaji wake.

Tatizo lipo kwenye kinachofuata. Mankozebu inapovunjika, iwe mwilini mwa mtu au kwenye sufuria nyanya zenye mabaki ya dawa zinapopikwa, hutoa kemikali ambayo wataalamu huiita kwa kifupi ETU. Kemikali hiyo huizuia tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni, kuyatumia madini joto kutengeneza homoni zake. Ni tezi ileile inayovimba na kuwa rovu pale mtu anapokosa madini joto kwenye chakula.

Kwa mtu mzima, upungufu wa homoni hizo huleta uchovu, kuhisi baridi na kuongezeka uzito. Kwa mjamzito jambo ni zito zaidi. Katika miezi mitatu ya kwanza tezi ya mtoto aliye tumboni haijaanza kazi sawasawa, hivyo ubongo wake hujengwa kwa homoni za mama. Upungufu ukiwa mkubwa, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ulemavu wa akili na kudumaa. Hasara ya namna hiyo hairudishwi na mavuno mazuri ya mwaka unaofuata wala na ada ya shule.

Hapo ndipo hesabu za familia nyingi zinapokosewa. Mwanamke hupumzishwa kazi za dawa tumbo likishaonekana. Lakini mimba ya wiki sita haionekani, na pengine mwenyewe hajajua kama anayo. Wiki hizo ndizo mtoto anapomtegemea mama kwa kila chembe ya homoni. Kusubiri tumbo lionekane ni kufunga mlango ng'ombe akiwa ameshatoka zizini.

Ushahidi haukosekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima wapulizaji 49 wa nyanya nchini Mexico, waliotumia mabomba ya mgongoni bila vifaa vya kujikinga. Homoni inayoisukuma tezi kufanya kazi ilikuwa imepanda kwao kuliko kwa watu wasioguswa na dawa. Nchini Costa Rica, utafiti ulioanza mwaka 2010 ulipima mkojo wa wajawazito wanaoishi karibu na mashamba ya migomba yanayopuliziwa mankozebu kwa ndege. Kiwango cha ETU kilikuwa zaidi ya mara tano ya kile kilichopatikana kwa watu wa kawaida kwingineko. Waliofanya kazi za kilimo walikuwa nacho zaidi, na hata waliofua nguo za shambani siku moja kabla ya kupimwa. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha mankozebu, na miongoni mwa sababu ni madhara yake kwa uzazi na kwa homoni.

Wapo watakaosema kuwa dawa hizi zimetumika miaka mingi na watoto wamezaliwa wazima. Ni kweli kwamba si kila mama aliyeshika ndoo ya dawa atapata madhara. Lakini mtoto anayechelewa kidogo kuelewa darasani huambiwa ni mzito tu, na hakuna anayekumbuka ndoo ile. Hasara isiyoonekana bado ni hasara.

Dawa ya tatizo hili si kuacha ukungu umalize shamba. Kwanza, mwanamke yeyote anayeweza kuwa na mimba asichanganye wala kupuliza dawa, na asiingie shambani kabla haijakauka. Kazi hiyo ifanywe na mtu mwenye glavu, buti na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na kama ni kibarua alipwe na apewe vifaa hivyo, kwani naye ana tezi. Nguo za kupulizia zitengewe beseni lake, na mpulizaji azifue mwenyewe bila kuvua glavu.

Pili, idadi ya mipulizo ipunguzwe. Kusimika miti, kukata majani ya chini, kuacha nafasi ya hewa kupita na kutorudia nyanya pale palipotoka viazi mviringo hupunguza ukungu. Kila mpulizo unaookolewa ni fedha inayobaki mfukoni.

Tatu, mfanyabiashara ana sehemu yake. Anayenunua nyanya zilizopuliziwa jana kwa kuwa bei ni nzuri anampelekea mama mwingine mjini mzigo uleule. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko cha dawa, na ni haki ya mnunuzi kuuliza. Nyumbani, nyanya zioshwe vizuri kabla ya kupikwa.

Nne, chumvi. Tezi yenye njaa ya madini joto huumizwa kirahisi zaidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate mikrogramu 250 kwa siku, wakati mtu mzima wa kawaida anahitaji 150. Mwenye duka anayeuza chumvi ya mawe isiyo na madini joto, au anayeacha gunia wazi kwenye jua na unyevu, anaokoa shilingi chache kwa gharama ya mtoto wa jirani.

Msimu ujao, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa dawa, mkulima aongeze mstari mmoja kwenye daftari lake: glavu, buti na posho ya mpulizaji. Mstari huo utapunguza faida ya msimu kwa kiasi kidogo. Usipoandikwa, atakayeulipa ni mtoto ambaye hajazaliwa, naye ataulipa maisha yake yote.