Nani fasaha Kwale?

ULIMI WA KUSINI
Na Mwanamisi Rama

Matangazo ya kazi za hoteli huku Diani hayaachi kutaka mtu "mwenye ufasaha" wa Kiingereza, na akijua Kijerumani au Kiitaliano ndiyo bora zaidi. Ufasaha wa kufanya nini, hayasemi. Kijana anayeuza vinyago ufuoni anaweza kumshika mgeni wa Kijerumani nusu saa nzima kwa maneno: bei, aina ya mti, samaki wa kuchoma, safari ya Wasini kutazama pomboo. Wenzake watakwambia huyo Kijerumani anakimwaga. Mgeni huyohuyo akizirai juani, kijana akatakiwa kumwuliza ametumia dawa gani asubuhi, ulimi unakwama. Hakumdanganya mtu. Lugha yake imekua pale ilipo riziki yake, na hapo anaimudu kweli. Tatizo ni sisi tunaosikia kasi ya ulimi tukaiita ufasaha.

Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao linabeba uwazi: usemi uliotakata, unaomfikia msikilizaji bila ukungu. Shule ndiyo iliyolibana. Leo mwalimu akisema "Kiswahili fasaha" anakusudia Kiswahili sanifu basi, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kulelewa na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930. Usanifu una faida yake, na bila huo safu hii isingesomeka Vanga na Bukoba kwa pamoja. Ila umekalia kiti cha ufasaha, na wanaoumia ni watu wetu. Mtoto wa Wasini au Jimbo, aliyezaliwa ndani ya Chivumba, anaambiwa Kiswahili chake kibovu. Wa Funzi anaambiwa vivyo hivyo kwa Chifundi chake. Lahaja hizi mbili H. E. Lambert alizichapishia vitabu, Chivumba 1957 na Chifundi 1958, kwa kuwa zina sarufi yake kamili. Mzee wa kisiwani anayeketi na wavuvi wawili waliogombania nyavu, akazungumza nao kwa Chivumba mpaka wakapeana mikono, huyo amekosa ufasaha gani?

Katika zahanati moja ya huku kusini niliona jambo ambalo halijanitoka. Bibi mmoja wa Kidigo alimleta mumewe, akamwambia muuguzi kwamba tangu jana jioni mzee hawezi kugomba.

"Basi afadhali, nyanya," muuguzi akamjibu akitabasamu, "nyumba itatulia."

Alikuwa binti mpole, na Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Kwa Kiswahili, kugomba ni kukaripia, kuteta. Kwa Kidigo, kugomba ni kusema. Kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili iliyotoka 2004 jina lake ni Mgombato, kwa shina hilohilo. Bibi alikuwa ameleta habari ya mtu aliyepotewa na sauti, na kwa kiharusi kila dakika ina thamani. Mzee aliwekwa kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Mjukuu wao, msichana wa shule ya msingi, ndiye aliyesogea mezani: "Sista, babu hawezi kusema. Mdomo umekwenda upande." Hapo ndipo watu walipoanza kukimbia.

Kama kulikuwa na mtu fasaha katika chumba kile, ni msichana yule. Na sidhani kuna mtihani utakaompa alama kwa alilofanya.

Lugha yetu ina neno zuri, mlumbi. Huitwa hivyo msemaji hodari wa mbele za watu, na huitwa hivyo pia mtu ajuaye lugha nyingi. Wazee waliyaona mambo hayo mawili yakikaa pamoja, nami naona waliona sawasawa. Watoto wa Ukunda hugomba Kidigo na nyanya zao, huagiza vitu dukani kwa Kiswahili, huandika Kiingereza darasani, na wengine wameokota Kiduruma au Kikamba kwa majirani. Tumewazoea hata hatuuoni ulumbi wao.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Katiba hiyohiyo iliziweka zahanati na chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hili hatuna haja ya kulingojea Nairobi. Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kwale inapotangaza nafasi ya muuguzi, itaje Kidigo au Kiduruma kwa jina. Sisemi aliyetoka Kisii au Kitui asiajiriwe. Aje, na miezi yake ya kwanza afundishwe namna wagonjwa wa hapa wanavyotaja maumivu, homa, kizunguzungu, uchungu wa uzazi. Wa kumfundisha wapo tayari: wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaozunguka nyumba kwa nyumba kutoka Lunga Lunga hadi Kinango, wanaojua kila familia inavyosema. Kaunti iwape kazi hiyo rasmi, kwa malipo yake, kuanzia bajeti ijayo.