Nduthi Si Vikombe vya Wageni

Wasee, leo nakuja na moto, na sitaki mtu aniambie "lakini pesa ni yake". Najua pesa ni yake. Bado nitasema.

Huko Skandinavia kuna watu wana pikipiki kuukuu za Kiitaliano, za miaka ya hamsini, sitini na sabini. Ducati, MV Agusta, Moto Guzzi, Laverda, Benelli, Aermacchi. Vyuma vya heshima. Na watu hawa wako kambi mbili. Kambi ya kwanza wanazijenga upya kwa mikono yao usiku wa baridi, halafu joto likirudi wanazipeleka uwanjani na kuzikimbiza mpaka zinuke oili. Kambi ya pili wanazinunua, wanazipangusa, wanazifunika shuka, wanawasha mashine ya kuondoa unyevu chumbani, na wanangoja bei ipande. Hawaziendeshi. Wengine hata hawaziwashi. Unajua vile vikombe vya mama vya kabatini, vya wageni ambao hawajafika tangu 2009? Hivyo tu, ila hivi vikombe vina magurudumu na bei ya ploti.

Mimi niko kambi ya kwanza kabisa. Na naona kambi ya pili wanaua kile kitu wanachodai wanakipenda.

Tuanze na historia, kwa sababu ukiwagusa hawa jamaa, neno la kwanza ni "sisi tunatunza historia". Sawa buda, tuifungue hiyo historia tuone inasema nini.

Mwaka wa 1956 Ducati ilikuwa kampuni ya Bologna iliyoanza kwa kutengeneza vipuri vya redio, sasa inajaribu bahati na pikipiki. Mhandisi wao, Fabio Taglioni, alikuwa na shida moja iliyosumbua kila fundi wa mbio wakati huo: springi za valvu. Valvu ni kama mlango wa injini. Unafunguliwa na chuma kinachozunguka kinachoitwa kamu, halafu springi inaufunga. Ukizungusha injini kwa kasi sana, springi inachelewa, mlango unabaki wazi, pistoni inapanda juu inaukuta hapo. Kwisha maneno, nunua injini ingine. Taglioni akasema hii springi iende. Akaweka kamu na mkono wa pili wa kuirudisha valvu kwa lazima, itake isitake. Mfumo huo unaitwa desmo. Wazo lenyewe halikuwa geni, Mercedes-Benz walikuwa wamelitumia kwa magari yao ya mbio miaka miwili hivi nyuma. Lakini kuliingiza kwa injini ndogo ya sentimita za ujazo 125 na ishike, hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Sasa niulize, desmo ilishinda wapi mara ya kwanza? Si Monza. Si Italia kabisa. Ni Uswidi, mji unaitwa Hedemora, Julai 1956, Gianni Degli Antoni akiwa juu. Mbio yake ya kwanza, ikashinda. Wiki chache baadaye Degli Antoni akafa Monza, akifanya mazoezi. Na mpaka leo, zile Ducati unaziona MotoGP zikipita kama risasi, valvu zao bado ni desmo. Yaani kitu kinachoifanya Ducati iwe Ducati kilithibitishwa kwa barabara ya Uswidi. Kilithibitishwa kwa kukimbia. Hakuna mtu aliyekiweka nyuma ya kioo akasema, ee, hii inaonekana inafanya kazi.

Ama twende Norwei. Mwaka wa 1928 Moto Guzzi walikuwa na pikipiki yenye springi nyuma. Leo hilo ni jambo la kawaida, hata boda ya hapo stage inazo. Wakati ule watu waliamini gurudumu la nyuma likichezacheza, pikipiki itayumba ikuue. Giuseppe Guzzi, ndugu ya Carlo mmoja wa waanzilishi wa kampuni, angeweza kuandika tangazo zuri kwa gazeti. Hakuandika. Aliipanda hiyo nduthi kutoka Italia mpaka kaskazini ya Norwei, mpaka mstari wa Aktiki, kwa barabara za 1928, kama wiki nne hivi. Pikipiki ikapewa jina Norge, ambalo ni Norwei kwa lugha yao wenyewe. Jina la nchi likaandikwa kwa chuma kwa sababu chuma kilifika. Halafu leo mtu wa Oslo anafunga Guzzi kwa gereji na kusema anaheshimu jina? Manze.

Na Ufini? (Najua, najua, Ufini si Skandinavia sawasawa, msinianze.) Ufini ilimtoa Jarno Saarinen, jamaa aliyesomea uhandisi, aliyejifunza kuteleza kwa mbio za kwenye barafu. Mwaka wa 1972 alichukua ubingwa wa dunia wa 250 na Yamaha. Mwaka huohuo Benelli wakampa pikipiki zao za silinda nne akimbie Pesaro, nyumbani kwa Benelli, dhidi ya Giacomo Agostini wa MV Agusta. Agostini huyu ni yule wa mataji 15 ya dunia, si mtoto. Saarinen akampiga, kwa 350 na kwa 500. Mei 1973 Saarinen akafa Monza, ajali moja na Renzo Pasolini, Mwitaliano.

Nimetaja vifo makusudi, kwa sababu hoja yao ya kwanza huwa ni hatari. "Zikianguka je? Mtu akiumia je?" Ni kweli, mbio si mchezo wa bao. Lakini angalia vizuri wanaogopea nini. Wengi hawaogopei mtu, wanaogopea tangi kukwaruzwa. Mbio za pikipiki kuukuu siku hizi hukimbizwa kwa viwanja, Anderstorp, Gelleråsen kule Karlskoga na kwingineko, si barabara za mji kama Imatra ya zamani ambapo wakimbiaji walikuwa wanavuka reli ya treni katikati ya mbio. Reli! Anderstorp yenyewe ilijengwa juu ya ardhi ya kinamasi mwaka wa 1968, na mstari wake mrefu ni uwanja wa ndege ndogo. Mtu mzima akiamua kuingia hapo na kofia na ngozi zake, ni uamuzi wake.

Hoja ya pili ndiyo inanichekesha: "Tukiziendesha zitaharibika." Boss, zinaharibika zikiwa zimesimama!

Uliza fundi yeyote wa nduthi hapo kwenu, hata yule wa chini ya mti mwenye spana tatu na kopo la grisi. Atakwambia chombo kikikaa kinaugua. Petroli ndani ya kabureta inakauka, inakuwa gundi, inaziba vitundu vidogo vya Dell'Orto ambavyo sindano haiingii. Mipira ya kuzuia oili inakuwa migumu kama ukoko wa ugali, halafu inapasuka. Oili inateremka chini, kuta za silinda zinabaki uchi, unyevu unaingia, kutu inaanza kula. Magnesiamu, ile chuma nyepesi waliyopenda kwa pikipiki za mbio, inaoza yenyewe inakuwa unga mweupe. Shuka la hariri halizuii hiyo.

Na kuna hii ambayo wengi hawaijui. Ducati kadhaa za miaka ya sabini zina tangi la faiba. Tangu Agosti 2021, petroli ya kawaida ya 95 Uswidi imechanganywa ethanoli mpaka asilimia 10. Ethanoli na faiba ya zamani haziketi meza moja. Tangi linalainika, linavimba, linatoa ute unaoingia kwa kabureta. Sasa nani hujua mambo hayo mapema? Ni yule anayeendesha. Yeye ndiye hutafuta ile petroli ya 98 yenye ethanoli kidogo, humwaga tangi msimu ukiisha, hunusa kabla mambo hayajaharibika. Mwenye shuka atagundua siku mnunuzi akija.

Sisemi hakuna makumbusho. Ducati wanayo Bologna, Guzzi wanayo Mandello del Lario, na ni sawa, umma unaingia, watoto wanaona, ile moja ya mwisho duniani ikae pale. Lakini gereji ya kufuli tatu ya mtu binafsi si makumbusho. Nani ameiona? Wewe na bima yako.

Mfano mzuri ni 750 Super Sport ya 1974, ile ya fremu ya kijani. Tarehe 23 Aprili 1972, Imola, Paul Smart na Bruno Spaggiari walishika namba moja na mbili na Ducati za 750, na Agostini alikuwepo na MV yake. Dunia ikashangaa. Miaka miwili baadaye Ducati wakatoa kama 400 hivi za kuuza, zikifanana na zile, ili mteja wa kawaida anunue akashindane. Umenielewa? Iliuzwa ILI ikashindane. Leo ni moja ya zile zinazofungiwa zaidi. Bei imefika mahali ukiwa na akili timamu unaogopa hata kuiegesha kando ya mti.

Na hapa ndipo roho inaniuma zaidi ya kutu. Bei. Kijana wa miaka 22 wa Malmö au Bergen anapenda hizi vitu, ana mikono, hana pesa. Kila moja inayoenda chini ya shuka inasukuma iliyobaki juu zaidi. Ukiangalia picha za mbio hizi, nyuma ya uwanja, pale wanapotengenezea, ni mvi tupu. Wazee wazuri sana, wakarimu, lakini ni wazee. Injini ya Ducati ya zamani, ile ya shafti na gia za pembe, hurekebishwa valvu kwa visahani vidogo vya chuma, unapima, unafungua, unasaga, unarudisha, unapima tena. Kitabu kitakupa namba. Hakitakupa ule mguso wa kidole unaokuambia "hapa bado". Huo unatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, na injini lazima iwe imefunguka juu ya meza. Injini iliyofungwa miaka 20 haifundishi mtu. Na mzee akienda, ameenda nao.

Ati mnajua Uswidi pikipiki ikifika miaka 30 hailipi tena kodi ya mwaka ya gari? Kila mlipa kodi wa nchi ile, pamoja na huyo kijana wa Malmö, amekupunguzia mzigo ili chombo kizee kiendelee kuwepo barabarani. Wewe umechukua punguzo na kufunga mlango.

Halafu wana kiburi na wale wanaojenga nakala. Mtu anachukua miaka mitano ya baridi, anatafuta fremu huku, injini kule, anachonga kipuri kisichopatikana, anaunda pikipiki ya mbio ya mwaka wa 1972, na wanamwambia "si ya kweli". Kwani zile za kiwandani zilikuwa za kweli kivipi? Zile za Imola zenyewe zilianzia kwa fremu za pikipiki za kawaida za kuuza. Mafundi wa mbio walikuwa wanabadilisha injini na magurudumu wiki baada ya wiki. Hakuna pikipiki ya mbio iliyomaliza msimu ikiwa ileile iliyouanza. Kitu kimoja tu sikubali: kujenga nakala halafu kuiuza kama ya asili. Huyo ni mwizi, na nambari za injini za kugonga na patasi tumeziona. Lakini anayesema wazi "hii nimejenga mimi" na kuivukisha mstari, huyo ana haki ya Imola kuliko mwenye karatasi.

Kuna watakaoleta mazingira, moshi na nini. Pikipiki inayokimbia wikendi chache kati ya Mei na Septemba? Tuongee kuhusu ndege aliyopanda huyo mnunuzi kwenda mnadani kwanza.

Na wewe unayesema "sasa hii inatuhusu nini sisi", tulia. Si lazima kila kitu kitokee Nairobi ndio uwe na maoni. Na nikikuonyesha sauti ya Laverda ikipanda gia, utanyamaza tu.

Kwa vijana wa huko wanaonisoma kwa kutafsiri: msikimbilie fremu ya kijani. Ducati ya silinda moja ya 250, Moto Morini 3½, Guzzi V50, hizo bado mfuko unaweza kuzigusa, na zinafundisha yote mnayohitaji. Theluji ikianguka, jitokezeni kwa gereji ya mzee yeyote wa klabu mkiwa na mikono mitupu, mwombe kushika taa tu. Hiyo taa ndiyo kuingia.

Na nyinyi wa kambi ya pili, leteni majibu, niko hapa. Ila kabla hujaandika kitu, niambie kwanza, mara ya mwisho uliiwasha lini?