Konstantino Hakumpigia Yesu Kura

Kuna hoja isiyokosekana kwenye mihadhara ya dini, iwe Mbagala au Likoni, na siku hizi hata vijana waliolelewa kanisani wanaitoa kwa kujiamini. Wanasema Wakristo wa kwanza walimjua Yesu kuwa nabii tu, mpaka mwaka 325 Kaisari Konstantino alipowakusanya maaskofu mjini Nikea, kura zikapigwa, na mwana wa Mariamu akatoka ukumbini akiwa Mungu. Mzungumzaji akifika hapo, hadhira hulipuka kwa shangwe. Hoja ni fupi, ni tamu, tena ina mwaka ndani yake, na jambo likitajiwa mwaka watu hudhani limesomewa. Kasoro yake ni moja: si kweli.

Tuanze na tarehe. Mnamo mwaka 112, zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso huo, yaani mkutano huo wa maaskofu, Plinio Mdogo alikuwa liwali wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, jimbo ambalo Nikea yenyewe ilikuwa mji wake mmojawapo. Alimwandikia Kaisari Trajano kumuuliza awafanye nini Wakristo. Watu walioiacha imani hiyo walikuwa wamemweleza kwamba Wakristo hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Liwali akataka uhakika, akawatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa na huduma kanisani, asiambulie zaidi ya kile alichokiita ushirikina. Plinio hakuwa Mkristo, wala hakuwa na sababu yoyote ya kuwapendelea.

Huyo ni shahidi wa nje. Ndani ya kanisa, mwanzoni mwa karne ya 2, Askofu Ignasio wa Antiokia alipelekwa Roma kuuawa, na katika barua alizoandika njiani alimwita Yesu Mungu bila hata kusimama kueleza, kama mtu anayesema jambo ambalo wasomaji wake wamekwisha kulizoea. Nyuma yake yuko Paulo. Katika Wafilipi sura ya 2, barua ya katikati ya karne ya 1, anamtwalia Yesu maneno ambayo Isaya 45 inayaweka kinywani mwa Mungu mwenyewe, kuhusu kila goti litakalopigwa. Paulo alikuwa Myahudi aliyefundwa Torati, na alijua vyema anachokichezea. Mtu anaweza kusema Paulo alikosea. Kusema Paulo alimsubiri Konstantino hakuwezekani.

Basi Nikea walijadili nini? Mzozo ulianzia hapa Afrika, Aleksandria, kati ya kasisi Ario na askofu wake Aleksanda. Na hapa ndipo hadithi ya kura inapoporomoka kabisa, kwa sababu Ario hakufundisha kwamba Yesu ni mtu wa kawaida au nabii tu. Alifundisha kwamba Mwana alikuwapo kabla ya ulimwengu na kwamba ulimwengu uliumbwa kupitia kwake. Alichokataa ni kwamba Mwana hana mwanzo. Kwake, Mwana ni kiumbe, ingawa ni cha kwanza na bora kuliko vyote. Kwa hiyo anayemtumia Ario kama shahidi kwamba kanisa la kale lilimwona Yesu nabii tu amemwita mahakamani shahidi atakayemgeuka.

Mapokeo yanasema maaskofu walikuwa 318. Waliokataa katakata kutia sahihi ungamo la imani lililomkataa Ario walikuwa wawili, Sekundo na Theona, wote wa Libya. Orodha ya vitabu vya Biblia, ambayo nayo husemwa ilipangwa hapo, haimo kabisa katika kanuni 20 walizotoa. Wamo makasisi wanaokopesha kwa riba, ambao walipigwa marufuku, na limo agizo kwamba siku ya Jumapili watu wasali wakiwa wamesimama.

Nakubali lililo kweli katika hoja hiyo. Konstantino ndiye aliyeuitisha mtaguso, akaugharimia, akauhudhuria, na kisha akampeleka Ario uhamishoni. Alitaka dola tulivu, na maaskofu wengi waliufurahia mkono wake bila kujiuliza utawafikisha wapi. Lakini tuendelee kusoma, tusiishie ukurasa unaotupendeza. Baada ya miaka michache Konstantino huyohuyo alimruhusu Ario arudi. Mwaka 335 akamhamishia Trier Athanasio, askofu mpya wa Aleksandria na mtetezi mkuu wa Nikea. Mwaka 337, akiwa anakaribia kufa, alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, rafiki na mtetezi wa Ario. Mwanawe Konstansio aliitumia serikali kuwabana maaskofu waiache Nikea, na mwaka 359 nusura afanikiwe. Athanasio alifukuzwa mjini kwake mara tano, chini ya watawala wanne, kwa jumla ya miaka kama 17. Kama imani ya Nikea ilibuniwa kwa manufaa ya ikulu, mbona ikulu ndiyo iliyoipiga vita karibu nusu karne? Kaisari Theodosio alipoitangaza kuwa imani ya dola mwaka 380, ilikuwa imekwisha kuishi bila ulinzi wa dola, mara nyingi chini ya fimbo yake. Wakristo walioishika fimbo hiyo baadaye na kuwachapa wenzao wana lao la kujibu, lakini hilo ni shauri jingine.

Ubaya mkubwa wa hadithi ya kura ni kwamba inafunika swali lenyewe. Athanasio hakuvumilia uhamisho kwa kupenda maneno magumu ya Kigiriki. Alikuwa anauliza habari ya wokovu. Kiumbe, hata kiwe bora namna gani, nacho kinahitaji kushikiliwa na Muumba wake. Kitawezaje kumuunganisha kiumbe mwenzake na Mungu? Kama Kristo ni kiumbe, atakuwa mfano mwema wa kuigwa, na wokovu utakuwa bidii yetu ya kumwiga. Neema ina maana tu ikiwa aliyeshuka kutuokoa ni Mungu mwenyewe, wala si mjumbe aliyetumwa na Mungu aliyebaki mbali. Uungu wa Kristo na wokovu kwa neema vinasimama pamoja au vinaanguka pamoja.

Na hapa Wakristo tusijifiche nyuma ya Athanasio. Hadithi ya Konstantino imestawi kwa sababu makanisani tumeacha kufundisha. Kijana akiuliza habari za Utatu anaambiwa ni fumbo, asihoji. Akisisitiza, anapewa mfano wa maji, barafu na mvuke, ambao kwa hakika ni mafundisho ya Sabelio yaliyokataliwa tangu karne ya 3: Mungu mmoja anayebadili sura. Wapo pia wahubiri wanaokiri Nikea Jumapili asubuhi, na mchana wakauza mafuta ya upako, kana kwamba Kristo ni dalali wa mbinguni asiyefanya kazi bila chake. Hao wamekwisha kumkubali Ario kwa matendo, hata kama midomo yao inamlaani.

Anayeukataa Utatu anazo hoja za kweli za kutumia. Mwislamu anayo tauhidi, na haihitaji msaada wa kaisari wa Kirumi. Shahidi wa Yehova anazo Mithali 8 na Yohana 14:28, maandiko yaleyale aliyoyashika Ario. Hoja hizo zina uzito, zimejibiwa kwa karne nyingi, na zinastahili kujibiwa tena kwa heshima. Mtu anayezishika tunaweza kukaa naye tukafungua vitabu. Anayekuja na kura ya Nikea hataki mjadala, anataka makofi.

Mwaka 2025 mtaguso huo ulitimiza miaka 1,700, na Papa Leo wa 14 na Patriaki Bartholomayo wakasali pamoja Iznik, Uturuki, mji ambao zamani uliitwa Nikea. Hiyo ilikuwa nafasi nzuri ya kuistaafisha hadithi hii. Bado hatujachelewa. Mhadhiri ajaye apande jukwaani na kujibu swali ambalo Ario na Athanasio walilijua vizuri kuliko sisi: mwanadamu aweza kuokolewa na yeyote asiye Mungu? Aseme ndiyo au hapana, kisha atoe sababu zake. Konstantino amwache alale.