SAA YA STAA INANG'AA, LAKINI UMEONA MGONGO WAKE?

Kuna staa mmoja mjini hapa, jina kapuni, ambaye tangu shoo zipungue amehamia kwenye biashara ya saa. Tena si saa mpya, anauza "vintage", yaani saa za kizamani. Kila jioni anatupia picha: mkono juu ya usukani, Seiko 5 yenye uso mwekundu kama nyanya, na maneno chini yake, "Orijino ya mwaka 1972, imebaki moja tu, wahi." Bei laki tatu na nusu. Cha ajabu, hiyo moja tu imebaki moja tangu Ramadhani.

Juzi kati akajisahau, akatupia na picha ya mgongo wa saa. Pale nyuma pameandikwa 7S26. Mdau mmoja akauliza kwa adabu zote, "Bro, mashine ya 7S26 si Seiko walianza kuitengeneza 1996? Hii ya 1972 imetokea wapi?" Dakika chache baadaye komenti imefutwa, muulizaji kapigwa bloku, na timu ya staa imeshaanza kutoa povu: "wivu tu", "hamna hela mnaongea sana", "mwacheni kaka atafute riziki".

Haya, wivu uwekwe pembeni. Swali bado liko palepale. Mashine iliyoanza kutengenezwa 1996 haiwezi kuwa ndani ya saa iliyotoka kiwandani 1972. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu, haihitaji hela wala jina kubwa.

Anayeumia hapa si tajiri. Tajiri akitaka saa ya kizamani ana watu wa kumkagulia. Anayeumia ni dogo wa bodaboda, ni binti wa duka la vipodozi, aliyeweka akiba ya miezi ili avae kitu kimoja cha maana mkononi. Anapokea saa, anavaa siku nne, inasimama. Anaipeleka kwa fundi saa, yule mzee mwenye kabati la kioo na lenzi jichoni. Mzee anafungua, anatikisa kichwa. Ndani pakavu, oili ilishakwisha zamani, skrubu zimelika, vipuri vimetoka kwenye saa tatu tofauti. Dogo anarudi kwa staa, anakuta DM imesomwa na haijajibiwa. Kaingizwa mjini mchana kweupe.

Halafu utasikia, "lakini saa si inasoma muda?" Simu ya tochi nayo inasoma muda, tena kwa bei ya chini. Anayenunua saa ya kizamani analipia historia. Historia ikiwa ya uongo, amelipia hewa.

Huo uso mwekundu nao una kisa chake. Wapenzi wa saa dunia nzima wanazijua hizi Seiko 5 na HMT zilizopakwa rangi upya, nyingi zikitoka India. Saa chakavu inavunjwa, uso wake unapakwa rangi kali ambayo kiwanda hakikuwahi kuitoa, maandishi yanapigwa upya, kisha inafungwa na kuuzwa. Dalili zake mtu yeyote anaziona akitulia. Maandishi ni manene na yamevimba, mistari haikai sawa na dakika, neno moja limepanda na jingine limeshuka. Mwili una mikwaruzo ya miaka arobaini, uso hauna hata doa. Huo ni uso wa mtoto kwenye mwili wa babu.

Na kupaka rangi si dhambi, ieleweke. Kuna watu wanazipenda hivyo hivyo, na wapo wauzaji wanaosema wazi kwamba hii imepakwa, bei yake ni hii. Hao hawana kesi na mtu. Kesi ni kuiita "orijino" na kuipachika mwaka wa uongo ili bei ipande.

Sasa kwa anayetaka saa yake ya kwanza ya kizamani, Seiko 5 ni chaguo la akili, na wala si kwa sababu staa kaivaa. Seiko walianza kuzitoa 1963, na ile 5 ina maana yake: inajijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, siku na tarehe zinakaa dirisha moja, inahimili maji, kile kidude cha kurekebishia kimejificha pale Mswahili anaposoma saa kumi, na mwili ni mgumu. Zilitengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo vipuri vinapatikana na mafundi wengi wameshazizoea. Zipo hata zenye siku kwa Kiarabu na Kiingereza, za soko la nchi za Kiarabu. Mwenye mjomba Muscat aanzie huko kuulizia.

Ila ikaguliwe, na ukaguzi unaanzia mgongoni. Pale nyuma kuna namba mbili za tarakimu nne nne. Ya kwanza ndiyo jina la mashine, mfano 6119 au 7009. Chini kabisa ya uso wa saa kuna maandishi madogo kama chawa, na kwa kawaida nayo huanza na namba hiyohiyo. Zikigombana, kuna kitu kimebadilishwa, muuzaji aeleze. Kisha kuna namba ya usajili. Tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, inayofuata ni mwezi, na Oktoba, Novemba na Desemba zinaandikwa O, N na D. Ikianza na 4 inaweza kuwa 1974 au 1984, ndiyo maana lazima isomwe pamoja na jina la mashine. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mgongo ameshajibu swali.

Baada ya hapo utazamwe mshale wa sekunde. Saa ya betri mshale wake unaruka mara moja kila sekunde. Mashine kama 7009 inapiga mara 6 kwa sekunde, mshale unakuwa kama unateleza. Ukiruka mara moja moja, ndani wameweka mashine ya betri na hadithi imeishia hapo. Ikitikiswa kidogo lazima iamke. Ivaliwe siku nzima na ilinganishwe na simu. Ikipotea dakika moja, fundi anaweza kuirekebisha. Ikipotea nusu saa, hiyo ni mgonjwa.

Mikwaruzo ya kioo isimtishe mtu, kioo kinabadilishwa. Cha kuogopa ni kutu kwenye kile kidude cha pembeni na ukungu chini ya kioo, maana maji yameshaingia. Na hata iandikwe nini kuhusu maji, mpira wa ndani wa saa ya miaka hiyo umeshazeeka. Usiende nayo kuogelea Kigamboni ukaja kulia.

Mwisho, fundi. Kabla hela haijatoka, mgongo ufunguliwe mbele ya fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Chai yake na ya kufungulia haifiki hata robo ya hasara. Wale wazee wa kabati la kioo wanazidi kupungua, na vijana wanawapita kila siku wakikimbilia ukurasa wa staa. Elimu ya bure wameiacha barabarani.

Kwa staa mwenyewe, maswali ni matatu tu. Namba za mgongoni ni zipi? Uso umepakwa au haujapakwa? Mashine imesafishwa lini na fundi gani? Akijibu hayo chini ya kila picha, auze hata mia kwa siku, na hongera atapewa. Akiendelea kufuta komenti, mashabiki wake wajue kwamba hawathamini, anawavuna.

Wadau, mliouziwa hizo nyanya, tupieni picha za mgongo hapo chini. Hapa hakuna atakayepigwa bloku kwa kuuliza.