Karamu ya Gavana

Kila mwezi wa Machi magazeti hutuletea picha za Waairishi wa ughaibuni wakiandamana kwa mavazi ya kijani, na msomaji akadhani kwamba jadi yao ndiyo hiyo, bendera na tarumbeta. Mimi naona maandamano ndiyo ya mwisho kutazamwa, na shahidi wangu ni mji wa Sydney ulipokuwa ungali koloni la wafungwa.

Merikebu iitwayo Queen, iliyotia nanga huko mwaka 1791, ndiyo ya kwanza kuwaleta wafungwa moja kwa moja kutoka Ayalandi. Aghalabu walikuwa Wakatoliki, na baadhi yao wakisema lugha ya kwao, jambo lililowatia wasimamizi wasiwasi, kwani asiyefahamu maneno hudhani anasengenywa. Mwaka 1803 Padri James Dixon, naye mfungwa kwa tuhuma za uasi wa Waairishi wa 1798 dhidi ya utawala wa Waingereza, alipewa idhini ya kusoma Misa hadharani. Lakini Machi 1804 wafungwa wa Castle Hill, shamba la serikali karibu na Sydney, wakainuka kwa silaha, wakashindwa siku ya pili yake, na idhini ile ikaondolewa.

Mwaka 1810 Gavana Lachlan Macquarie aliwakirimu vibarua wa serikali kwa sikukuu ya Mtakatifu Patriki, ile ile ya maandamano ya Machi. Sisemi ukarimu ule ulikuwa hila. Kibarua aliyeshiba alishiba kweli. Lakini Padri Jeremiah O'Flynn alipofika mwaka 1817 pasipo ruhusa ya serikali, akawa akiwahudumia watu wake, ni gavana yuyo huyo aliyemfukuza mwaka uliofuata. Husimuliwa hata leo kwamba padri yule aliiacha Ekaristi katika nyumba ya mmoja wa waumini, na kwamba majirani wakawa wakikutana mbele yake kusali, hawana padri wala kengele, mpaka walipofika mapadri wenye idhini mwaka 1820. Hapo ndipo jadi ilipokaa, chumbani mwa mtu, ilhali ile karamu ilikuwa mali ya mwenye kuiandaa, naye angeweza kuinyima kama alivyoitoa.

Mwaka 1821 Macquarie mwenyewe aliweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Maria. Huenda miongoni mwa waliosimama kumtazama walikuwako waliokwisha kuzoea kupiga magoti sebuleni kwa jirani.