Tuseme tulichokiona, hata kwa asiye wa kabila letu

Ndugu zangu wa Bahunde, Bashali, Osso na Katoyi, nanyi wa Wanianga na Bakano,

Nawaomba jambo moja: mtu akishitakiwa kuua, sisi tunaojua alikuwa wapi siku hiyo tuseme, tuandikishe, tutie vidole. Tufanye hivyo hata akiwa wa kabila tunalogombana nalo. Hasa huyo.

Tunajua mambo yanavyokwenda kwetu. Mtu anauawa njiani, na kabla jua halijazama jina limeshapatikana: kijana fulani, kwa kuwa anasema lugha ya kundi linaloshukiwa, au kwa kuwa kuna mwenye tamaa na shamba lake. Anatiwa kashoo, kisha anapelekwa mbali. Jirani aliyeshinda akilima naye siku ile ananyamaza. Nauli hana, barabara ina vizuizi, na anaogopa kuitwa msaliti.

Kunyamaza huko sasa kunaweza kuua. Utawala wa kijeshi ulipotangazwa Mei 2021, kesi za jinai za raia wa Kivu Kaskazini zilikabidhiwa mahakama za kijeshi. Machi 2024 serikali ikaondoa zuio la kutekeleza hukumu ya kifo, lililokuwapo tangu 2003.

Mtazameni Edmary Mpagi wa Uganda. Mwaka 1982 yeye na binamu yake walihukumiwa kunyongwa kwa kumuua mtu aliyekuwa hai. Narudia: hai, na watu wa kwao walilijua hilo. Binamu alifia gerezani. Mpagi alitoka mwaka 2000 kwa msamaha wa rais, baada ya miaka 18 ya kusubiri kamba. Angenyongwa mapema, ukweli ungemkuta kaburini. Na hata kwa ukweli wa wazi namna ile, haikutosha watu kuujua. Ilibidi usemwe tena na tena, miaka na miaka.

Kwetu hali ni ngumu zaidi. Januari 2025, Goma ilipoanguka, gereza la Munzenze liliwaka moto na wafungwa wakatoroka kwa maelfu. Wanawake wengi waliteketea humo. Kati ya waliokimbia wamo wauaji, na wamo waliosubiri kesi tu. Asiye na hatia aliyeponea motoni hana hukumu ya kumsafisha. Akirudi Pinga au Nyabiondo, yeye bado ni “yule muuaji”, na yeyote anaweza kumgeukia. Mtu huyo atasafishwa na nani, kama si sisi tuliokuwa naye?

Najua mtauliza: na damu ya watu wetu? Swali ni la haki. Lakini Ntabo Ntaberi Sheka, yule mkuu wa wanamgambo, alipohukumiwa kifungo cha maisha huko Goma, Novemba 2020, kwa unyama uliotendwa Walikale mwaka 2010, ilikuwa kwa sababu waliotendewa walikubali kusema mbele ya mahakimu, ingawa waliogopa. Midomo iliyomfunga Sheka ndiyo inayoweza kumfungua asiye na kosa. Tena kila anayefungwa bure anamwachia nafasi muuaji halisi, ambaye huenda tunapishana naye sokoni.

Basi kila baraza lichague watu watatu au wanne wa makabila tofauti, na mama asikosekane kati yao. Waandike ushahidi mapema, kabla kumbukumbu hazijachanganyika: siku, saa, mahali, nani alikuwapo. Nakala moja ikae parokiani au kanisani, nyingine kwa avoka. Isisomwe hadharani, maana shahidi naye ana watoto. Tuchange nauli kama tunavyochangia kilio. Atakayeomba pesa ili aseme, au ili anyamaze, asikubaliwe.

Katiba yetu, kifungu cha 61, inasema haki ya kujitetea na ya kukata rufaa haiondolewi hata wakati wa vita. Siku za rufaa ni chache, kwa hiyo tusingoje hukumu itoke. Familia zenye mtu aliyefungwa, au aliyerudi bila kusafishwa jina, zilete habari zake kwa wazee wa baraza Jumapili hii baada ya ibada.