MAMBO YA ZIZINI: Ukope wa Tatu

Mwenzetu mmoja hapa Itumba alituita zizini kwake asubuhi, naye ana wembe mkononi. Mtamba wake alikuwa akitokwa na machozi jicho moja, amelifumba nusu, na pembeni upande wa pua palitokeza ngozi nyeupe. Mwenzetu alidhani ngozi ile ndiyo ugonjwa, akataka kuikata. Tulimsihi angoje kidogo. Tukamshika mtamba kichwa, tukafunua ukope, tukaona kapi la ulezi limenata chini yake. Tukaliosha jicho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kapi likatoka, na siku ya pili ngozi ile ilikuwa imerudi mahali pake.

Basi yafaa tujue ngozi ile ni nini. Sisi wanadamu tuna kope mbili kwa kila jicho, wa juu na wa chini. Wa tatu kwetu ni kikunjo kidogo tu pembeni. Bali ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe, mbwa na paka wanao ukope wa tatu kamili. Ndani yake mna gegedu la kuutia nguvu, na tezi isaidiayo kutoa machozi. Tena nyuma ya jicho lao mna msuli ambao sisi hatunao. Mnyama aumiapo, msuli huo hulivuta jicho ndani ya tundu lake, na papo hapo ukope wa tatu huteleza mbele ukalifunika. Kwa hiyo uonapo ngozi hiyo imetokeza, jua ya kuwa mlinzi amesimama mlangoni. Usimkate mlinzi, mtafute mwizi.

Na mwizi si mmoja. Huenda ni kapi au mwiba. Huenda ni vijidudu vichukuliwavyo na nzi toka ng'ombe huyu hata yule, ambavyo hulitia jicho ukungu mweupe, na pengine hulipofusha. Huenda ni minyoo midogo ya jicho, nayo huletwa na nzi. Kope hizo zikitokeza macho yote mawili, na mnyama amekakamaa miguu na taya, yamkini ni pepopunda. Machozi pamoja na homa na tezi zilizovimba chini ya masikio ni dalili za ndigana kali.

Ukope wa chini nao hutoa habari. Uvute kwa kidole gumba utazame ndani. Pakiwa pekundu, ni vema. Pakiwa peupe, damu imepungua. Kwa mbuzi na kondoo mara nyingi sababu ni minyoo ya tumboni inyonyayo damu. Kwa ng'ombe huweza kuwa ndigana baridi iletwayo na kupe.

Ninyi walimu, waambieni watoto wachungao wasimpige ng'ombe usoni. Mfupa wa fuvu umelizunguka jicho lake kama pete, lakini mbele hapana mfupa, na fimbo hufika. Nanyi wenye zizi, msitie jichoni maji ya tumbaku wala utomvu wa majani. Osheni kwa maji safi, mtengeni mgonjwa penye kivuli, fukuzeni nzi kwa kuzoa samadi, kisha mwiteni bwana mifugo siku ile ile. Jicho lililotiwa ukungu leo huweza kupona, lililopasuka halirudi.